Barua Ziliuliza Kuhusu Bustani, Majibu Yakataja Ndoa: Uchambuzi wa Matusi Aliyorushiwa Wangari Maathai, 1989

Mwishoni mwa 1989, jijini Nairobi, mwanamke mmoja aliandika barua kuuliza kwa nini jengo la orofa 60 lisimamishwe ndani ya bustani ya umma. Kabla mwaka haujaisha alikuwa ameitwa mtalaka, mwanamke aliyekosa adabu ya Kiafrika na mtu mwenye wadudu kichwani. Katika majina yote hayo hakuna hata moja lililohusu jengo.

Tumekichagua kisa hiki kwa sababu kila hatua yake iliacha alama. Barua zipo, mjadala wa Bunge ulisikika, uamuzi wa mahakama umehifadhiwa kwenye ripoti za sheria, na maneno ya rais yalisemwa hadharani siku ya sikukuu. Matusi ya kijinsia mengi hutupwa sokoni, kikaoni au kwenye simu, kisha aliyetukana hukana. Hapa tunaweza kulifungua tusi na kuona limeundwa na nini, lilipitia mikono ya nani na lilizuia swali gani lisijibiwe.

Uhuru Park ilifunguliwa kwa wananchi mwaka 1969. Ni nyasi, bwawa la boti na vivuli vya miti pembezoni mwa katikati ya jiji, mahali ambapo mtu asiye na hela ya hoteli huweza kujilaza saa ya mchana, akasikiliza mahubiri au akapigwa picha na watoto wake. Mpango uliofika hapo uliitwa Kenya Times Media Trust Complex. Kenya Times lilikuwa gazeti la KANU, chama pekee kilichoruhusiwa na sheria wakati huo, na mshirika wake wa kigeni alikuwa Robert Maxwell, mmiliki wa magazeti wa Uingereza. Pamoja na mnara wa orofa 60 zingekuwepo ofisi za chama, kumbi, maduka, maegesho ya magari 2,000 na sanamu kubwa ya Rais Daniel arap Moi. Gharama ilikadiriwa kufika dola milioni 200 za Marekani, na sehemu kubwa ingetoka kwenye mikopo.

Mwandishi wa barua hakuwa mtu wa kubahatisha. Wangari Maathai alipata shahada ya uzamivu mwaka 1971, wa kwanza kati ya wanawake wa Afrika Mashariki na Kati, akafundisha anatomia ya mifugo katika Chuo Kikuu cha Nairobi hadi akaongoza idara. Mwaka 1977 alianzisha Green Belt Movement, ambapo wanawake wa vijijini waliotesha miche na kulipwa kiasi kidogo, senti chache tu za dola, kwa kila mche ulioshika na kuishi. Hata huko alikuwa ameshakutana na dharau hiyo hiyo kwa sura nyingine: wataalamu wa misitu walioona kwamba mwanamke wa shamba, asiye na stashahada, hawezi kuaminiwa na mbegu. Wanawake hao wamekuwa wakichagua mbegu, kuzikausha na kuzihifadhi msimu hadi msimu tangu enzi na enzi. Ujuzi ulikuwepo, ila haukuhesabiwa kuwa ujuzi kwa sababu ulikaa mikononi mwa wanawake.

Barua za Oktoba 1989 zilikwenda kwa uongozi wa gazeti lenyewe, kwa ofisi ya rais, kwa wakuu wa jiji, kwa wizara, kwa mashirika ya Umoja wa Mataifa na kwa balozi wa Uingereza. Huyo balozi aliulizwa kama watu wa nchi yake wangekubali mnara wa namna hiyo ndani ya Hyde Park, bustani ya umma ya London. Swali lenyewe lilikuwa jepesi: mpango huu ni wa kweli, nani ameuidhinisha, nani atalipa, na wananchi wa Nairobi watapumzikia wapi? Serikali ilikuwa na mahali pa kujibia. Ingeweza kutoa ramani, kutaja masharti ya mkopo, kuonyesha kiwanja mbadala.

Novemba 8 wabunge waliacha shughuli zilizokuwa mezani ili wamzungumzie. Mmoja wao alisema, kwa maana yake, kwamba haoni mantiki ya kundi la wanawake waliotalikiwa kujitokeza kuukosoa mradi kama ule. Wengine waliuliza kwa nini alilalamika kwa wazungu. Basi tusi la kwanza likawa limetua, na ni lazima tukae nalo kidogo, kwa sababu ndilo lililofungua njia kwa mengine yote.

Ndoa ya Wangari ilivunjwa mahakamani mwaka 1979, na kesi hiyo ilisikilizwa huku magazeti yakiandika. Aliposema baadaye kwenye mahojiano ya gazeti kwamba jaji ama hakuwa na uwezo ama alikuwa fisadi, alihukumiwa kifungo cha miezi sita kwa kuidharau mahakama, akakaa siku tatu katika gereza la wanawake la Lang'ata kabla ya kuachiliwa. Mume alimtaka aache kutumia jina lake. Yeye akaongeza herufi moja, Mathai likawa Maathai. Kwa hiyo miaka kumi kabla ya mnara, talaka yake ilikuwa imeshakuwa mali ya umma. Wabunge hawakuhitaji kutafuta neno, walilikuta limewekwa tayari.

Kwa nini neno hilo liume? Tazama sarufi yetu wenyewe. Mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Mwanamume huacha, mwanamke huachwa, na akishaachwa tunasema ameachika, kama chombo kilichotoka mkononi mwa mwenyewe. Mwanamume hutaliki, mwanamke hutalikiwa. Kitenzi kinampa mmoja mkono na mwingine kinampa mgongo. Katika talaka moja wako watu wawili, lakini jina la aibu linalobaki baada yake hubaki kwa mmoja. Mbunge mwanamume aliyeachana na mke angeweza kusimama siku ile ile kujadili bajeti bila mtu kukumbuka nyumba yake. Neno "mtalaka" likirushwa kwa mwanamke katika mjadala wa ardhi hubeba hukumu iliyokwisha kutolewa: huyu alishindwa kazi yake ya asili, kwa hiyo hana sifa ya kushika kazi nyingine. Halihitaji ushahidi, kwa sababu msikilizaji mwenyewe ndiye anayeleta ushahidi kutoka kwenye malezi yake.

Jambo la pili ambalo tusi hili lilifanya ni kupanuka. Green Belt ilikuwa na maelfu ya wanachama, wengi wao wake za watu na mama wa watoto, na wengine wajane. Wote walipakwa rangi moja kwa kuitwa "kundi la watalaka". Mke wa mtu kijijini aliyeotesha miche alipewa sababu ya kujitenga na kitalu, na mume wake alipewa sababu ya kumuuliza anafuata nini kwa hao. Hivi ndivyo tusi linalomlenga kiongozi mmoja linavyovunja mtandao wake bila kuugusa. Ukitaka kupima madhara yake, usimtazame aliyetukanwa peke yake. Hesabu waliokoma kuja mkutanoni wiki iliyofuata.

Ujenzi ulizinduliwa katikati ya Novemba. Wangari alikimbilia Mahakama Kuu kuomba zuio, na Desemba 11 ombi likatupwa. Jaji alisema hana haki ya kisheria ya kufungua shauri lile, kwa kuwa hakuonyesha hasara iliyompata yeye binafsi tofauti na umma kwa jumla. Uamuzi huu haukuwa na tusi ndani yake, na kwa juu juu haukuhusu jinsia. Hata hivyo ulifika mahali pale pale: wewe ni nani hata useme? Bunge lilisema huna sauti kwa sababu huna mume, mahakama ikasema huna sauti kwa sababu bustani si yako. Kwa masikio ya mtu wa kawaida, matamko hayo mawili yaliungana.

Kesho yake, Desemba 12, sherehe za Jamhuri zilifanyika ndani ya Uhuru Park. Rais Moi alisema kwamba wanaopinga mradi wana wadudu vichwani, na kwamba kama mwanamke huyu angekuwa mwanamke kamili kwa mila ya Kiafrika, angewaheshimu wanaume na kunyamaza. Sentensi fupi, lakini ina visu vitatu. Kuna akili: mwenye wadudu kichwani hajibiwi, hutibiwa au hufungiwa. Kuna uanamke: umewekewa sharti la ukimya, maana yake kila anaposema anapungukiwa na uanamke wake. Na kuna Uafrika, ambao ndio mbaya zaidi kwa maoni yetu, kwa sababu unamfanya mwanamke anayesema kuwa mgeni kwao.

Dai hilo la mila halisimami hata kwa historia ya jiji lile lile. Machi 16, 1922, umati ulikusanyika mbele ya kituo cha polisi Nairobi kutaka Harry Thuku, kiongozi aliyekamatwa na wakoloni, aachiliwe. Wazee walipokuwa tayari kutawanyika, Mary Muthoni Nyanjiru aliinua nguo yake akawaambia wanaume wachukue gauni lake wampe suruali zao, kwa kuwa wao ni waoga. Umati ukasonga mbele, askari wakafyatua risasi, na yeye akawa miongoni mwa waliouawa. Hesabu rasmi ya wakoloni ilitaja wafu 21. Huyo ni mwanamke wa Kiafrika, kwenye mila ya Kiafrika, asiyenyamaza.

Lakini hatuwezi kulipita tukio la Nyanjiru kwa sifa tu, kwani nalo limebeba sehemu ya tatizo tunalolichambua. Silaha aliyoitumia ni ile ile: gauni ni aibu, suruali ni ushujaa. Wanaume walisogea kwa sababu hakuna kilichowachoma kama kuambiwa wao ni wanawake. Lugha yetu imejaa hayo. Mtoto akianguka huambiwa ajikaze kiume, na mwanamume akisitasita huambiwa aache mambo ya kike. Anayemsikiliza mkewe husemwa kuwa amekaliwa, na kocha wa watoto huwatisha wavulana wake kwamba atawavalisha sketi. Aibu hii ndiyo hulipatia tusi nguvu zake. Kama uanamke usingekuwa umeshushwa tangu utotoni, kumwambia mtu "wewe ni mwanamke" kungekuwa habari tu, kama kumwambia ni mrefu. Na kwa sababu umeshushwa, mwanamke anajikuta hana pa kukanyaga. Akinyamaza, ni dhaifu kama wanawake wote. Akisema, si mwanamke. Akilia, ndiyo tabia yao hiyo. Asipolia, ni jike dume.

Mwanamume aliyetaka kumuunga mkono Wangari naye alilipa kodi. Kukubaliana na hoja yake ya bustani kulikuwa sawa na kukubali kuongozwa na mtalaka. Hii ndiyo sababu tusi la kijinsia huwanyamazisha watu wengi zaidi ya linaowataja. Mbunge anayeogopa kuchekwa hatoi hoja, na hoja isiyotolewa haiingii kwenye kumbukumbu, kwa hiyo baadaye inaonekana kana kwamba wote waliafiki.

Kisha kazi ya kutukana ilikabidhiwa kwa wanawake. Rais alihoji kwa nini wanawake wa Kenya hawamkemei mwenzao aliyevuka mpaka, na viongozi wa Maendeleo ya Wanawake, shirika lililokuwa limeunganishwa na KANU mwaka 1987, wakajitokeza kumlaani. Hapa wachambuzi wengi husema kwamba adui wa mwanamke ni mwanamke. Tunaukataa usemi huo. Kiongozi wa shirika lililo chini ya chama pekee, ambaye nafasi yake, gari lake na miradi ya wanachama wake vinategemea chama hicho, alikuwa amepewa amri mbele ya taifa. Kukemea kulikuwa ndio uthibitisho kwamba yeye ni mwanamke wa aina inayokubalika. Wanawake wachache waliokuwa na nafasi za juu wakati huo walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja Bungeni, na nafasi zikiwa chache hivyo, kila mmoja hulazimika kuonyesha kwamba hafanani na yule anayetukanwa.

Mwisho wa mnyororo ulikuwa karatasi. Green Belt ilikuwa ikitumia ofisi kwenye jengo la serikali kwa miaka karibu kumi. Ilipewa saa 24 kuondoka. Makabati, mafaili ya vitalu na wafanyakazi walihamia nyumbani kwa Wangari, mtaa wa South C. Ni muhimu kuona mpangilio huu: dhihaka Bungeni, kisha tamko la rais, kisha notisi ya kuhama. Tusi lilitayarisha macho ya watu ili notisi ilipokuja isionekane dhuluma. Asiyefaa kusikilizwa leo, kesho anaweza kufukuzwa bila mtu kuuliza. Wale wanaosema maneno hayavunji mfupa hawajakitazama kisa hiki hadi mwisho.

Sasa tugeukie alichokifanya, kwa sababu hapo ndipo pana mafunzo ya kazi kwa yeyote anayekutana na hali hii leo, awe diwani, mwenyekiti wa kikundi cha maji au mwalimu mkuu.

Hakujibu kuhusu ndoa. Jibu lake lililojulikana sana lilikuwa kwamba mjadala ule unahitaji matumizi ya kiungo kilicho juu ya shingo, si vilivyo chini ya kiuno. Kwa mtaalamu wa anatomia ni jibu lenye shabaha: liliutaja mwili ambao wabunge walikuwa wakiuzungukia bila kuutaja, likawaonyesha wamesimama wapi, kisha likarudi kwenye hoja. Angeeleza kwa nini ndoa yake ilivunjika, angekuwa amekubali kwamba ndoa ni sehemu ya ajenda, na kila maelezo yangezaa swali jingine. Angewatukana wao, magazeti yangeandika ugomvi. Alitenga sentensi moja kwa tusi na kurasa zilizobaki kwa bustani. Kipimo hicho kinafaa kushikwa: tusi lipewe jibu fupi, mara moja, kwa sauti tulivu, kisha swali la awali lirudiwe kwa maneno yale yale lililoulizwa nayo. Ukibadilisha maneno, mpinzani atasema umebadilisha hoja.

Barua zake zilikuwa na anwani nyingi, na hilo lilikuwa kinga. Mpokeaji mmoja akinyamaza, mwingine anayo nakala. Wakopeshaji na wafadhili wa nje walianza kuuliza kwa nini nchi yenye madeni inakopa kujenga mnara, na swali hilo halikuweza kujibiwa kwa kutaja talaka ya mtu. Tusi hufanya kazi mahali ambapo msikilizaji analelewa na aibu ile ile. Likivuka hadi kwa mtu anayesoma hesabu, huisha nguvu. Ila njia hii ina gharama, nayo tuitaje wazi: kuandikia wa nje kuliwapa wabunge tusi jingine, la kibaraka. Anayeifuata aanze na ofisi za nyumbani na atunze uthibitisho wa kuzipelekea, kama alivyofanya, ili shtaka la usaliti likutane na barua zilizotangulia.

Palipoharibika ni kwenye uungwaji mkono wa karibu. Barua zilitoka zikiwa na jina moja. Mtu akiwa peke yake kwenye karatasi, tusi lina shabaha moja ya kupiga. Barua ile ile ikiwa imesainiwa na mhandisi, mzee wa kanisa, mchuuzi wa bustanini na mama wa kitalu, neno "mtalaka" halina pa kutua. Anayetaka kumsaidia mwanamke anayetukanwa asimtumie ujumbe wa pole faraghani. Asaini naye. Na kama yuko kwenye kikao, asisimame kumtetea tabia, kwa sababu kusema "huyu ni mama mwenye heshima zake" ni kukubali kwamba asiye na ndoa angestahili kutukanwa. Aseme: swali lilihusu kiwanja, tunaomba lijibiwe. Mwenyekiti naye ana kazi mbili ndogo ambazo mara nyingi hazifanyiki: kuliandika swali kwenye kumbukumbu kabla ya kumpa mtu nafasi ya kujibu, na kuliandika tusi kama lilivyotamkwa, pamoja na jina la aliyelitamka. "Kulitokea maneno makali" ni kumbukumbu inayomlinda mtukanaji.

Mwishoni mwa Januari 1990 serikali ilitangaza kwamba jengo litapunguzwa. Baadaye mradi ukafa kabisa, na mwaka 1992 uzio uliokuwa umezungushwa bustanini ukaondolewa. Pengo la mahakamani lilichukua muda zaidi kuzibwa. Sheria ya mazingira ya Kenya ya 1999, na baada yake Katiba ya 2010 katika ibara ya 70, zimeweka wazi kwamba anayekwenda mahakamani kutetea mazingira halazimiki kuonyesha hasara iliyompata yeye. Swali la "wewe ni nani" limefutwa kwenye sheria. Kwenye vinywa bado lipo, na mwanamke yeyote anayegombea kiti leo Nairobi, Mwanza au Bujumbura huulizwa nani anamlelea watoto kabla hajaulizwa sera yake.

Wangari Maathai alipokea Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004 na kufariki Septemba 25, 2011. Mazishi yake ya kitaifa yalifanyika Oktoba 8. Alikuwa ameomba mti usikatwe kwa ajili yake, kwa hiyo jeneza lilitengenezwa kwa mianzi, mafunjo na magugu maji. Lililetwa Uhuru Park, likawekwa kwenye nyasi zile ambazo mnara ungesimama juu yake.